Jinsi nilivyowalipa watu kubeba pumba kutoka Ifakara hadi Mahenge

Wakuu, habari za majukumu. Waliokula chumvi nyingi shikamooni, vijana marahaba hata kama hamjaniamkia.

Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu kwa sababu ya aibu. Lakini juzi nimemwona jamaa mmoja hapa Ifakara anafunga mizigo ya mpunga aipeleke milimani. Anafunga huku anapiga mluzi. Nikajiona mimi mwenyewe wakati ule, nikasema hapana, acha niandike.

Nitakayosema ni ya kweli. Pale nitakapoongeza chumvi nitawaambia.

Picha sina. Mwenye mashine ya picha ni padri, na siku ya tukio, namshukuru Mungu, padri hakuwepo.

Twende sasa.

Mimi ni mfanyabiashara wa mpunga. Nanunua kwa wakulima kuanzia Sanje hadi mabondeni huku kwetu, napeleka panapotakiwa. Kununua si kazi, bonde hili ukitupa jiwe linaangukia kwenye jaruba la mtu.

Kazi ni kusafirisha.

Huku reli hakuna. Punda ukimleta anakufa kwa mbung'o kabla hujampa jina. Kwa hiyo chombo chetu cha usafiri ni kichwa cha mwanadamu, na ubaya wa kichwa ni kwamba kina mdomo.

Ukituma wapagazi ishirini unalipa ujira, unatoa posho ya kwenda, halafu unatoa na posho ya kurudi, ingawa wakirudi hawabebi kitu zaidi ya hadithi. Juu yao kuna mnyapara, yaani msimamizi wa safari, ambaye habebi chochote na anakula kwa niaba ya wawili. Wangu aliitwa Sadala. Mtu mwema sana, lakini kwenye sufuria hakuwa na utani.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa maneno ya maji.

Vijana niwaeleze kidogo. Kulikuwa na minong'ono inatoka mashariki kwamba yupo mganga mwenye maji yake. Ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Kwetu vita vilikuwa bado, watu wananong'ona tu. Lakini kule bomani Mahenge hilo neno lenyewe lilikuwa limeshawatia joto. Shikeni hapo, tutaparudia.

Basi ikaletwa karatasi kutoka bomani. Mizigo ishirini ya mpunga wa askari, ifike kabla mwezi haujaandama. Ikichelewa, au ikipungua, mwenye mali atapata hamsa ishirini.

Kwa asiyejua, hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano, hadharani, na kuna mtu kazi yake ni kuhesabu kwa sauti. Mwenye mali ni mimi. Na mimi, wakuu, ni mwoga. Sindano ya mwiba tu natafuta mtu wa kunishika mkono.

(Kuna watu najua wameshaanza kuandika "kibaraka". Mkuu, agizo la boma hukatai. Unauliza siku tu.)

Nikakaa nikapiga hesabu ya safari. Kila nikiipiga, usafiri unakula faida yote halafu unaniomba na maji ya kunawa. Nikaamua lazima nibane matumizi mahali.

Nikaanza na posho. Nikamwambia Sadala tupunguze kibaba kidogo. Sadala akaivuta sufuria karibu yake, na mimi nikaelewa.

Nikahamia kwenye mizigo. Nikafunga upya, ile ishirini nikaifanya kumi na sita minene, ili niajiri watu kumi na sita. Wapagazi wakaja, kila mmoja akainua wake, akautua. Hawakugomba. Wakakaa chini wakaanza kunyoana. Walipofika kichwa cha nne nikafungua mizigo nikaifunga ishirini kama mwanzo.

Pakabaki mahali pamoja tu pa kubana, napo ni mtoni.

Hapo Kivukoni mtumbwi mkubwa ulikuwa wa Mzee Lipangile, Mndamba aliyezaliwa mtoni akakulia mtoni. Nauli yake konzi moja ya chumvi kwa kichwa. Konzi yenyewe hupimi wewe, anapima shemeji yake, mtu mwenye kiganja kama sinia. (Hapa nimeongeza chumvi. Kama sahani.)

Na mzigo nao unalipa konzi moja, kwa maelezo kwamba umekaa mahali ambapo angekaa mtu. Watu ishirini na mizigo ishirini, ukijumlisha na sisi viongozi, ni chumvi ya kuolea.

Ndipo nikapata akili. Wakuu, akili ile mpaka leo nikiikumbuka najipiga kofi.

Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo. Naomba kuuliza. Mtu akivuka na kofia, kofia inalipa?"

"Kofia inalipaje?" akasema. "Si iko kichwani?"

"Na mzigo ulioko kichwani?"

Mzee Lipangile akautazama mto, akamtazama shemeji yake, akanitazama mimi miguuni hadi utosini. Kisha akatabasamu. Nilidhani ni tabasamu la mtu aliyeshindwa hoja.

"Haya," akasema. "Ukikaa kichwani haulipi. Ukigusa mtumbwi, unalipa."

Nikashangilia moyoni. Nimeokoa nusu ya nauli kwa swali moja la kofia.

Wakuu wa mabondeni mmeshacheka. Wa milimani niwafafanulie: kwenye mtumbwi wa gogo mtu anakaa. Tena anakaa chini kabisa, kimya, kama yuko kanisani. Kusimama anasimama mwenye pondo la kusukumia peke yake, naye kazaliwa humo. Lakini mzigo wa kichwani ukikaa nao unashuka hadi magotini, unagusa mtumbwi, unalipa. Kwa hiyo ilibidi wasimame.

Safari ya kwanza wakapanda wapagazi kumi. Wamesimama mstari mmoja, mizigo kichwani. Sadala akasema yeye atasubiri safari ya pili, na nilipomuuliza kwa nini akasema tumbo. Mimi nikasimama mbele kabisa kutoa mfano, nimejitwika furushi la kanzu yangu ya kuvalia bomani. Kiunoni nina shuka.

Tukaenda vizuri. Tena vizuri mno. Tulikuwa tumeshakaribia ng'ambo wakati kiboko alipotoa kichwa nyuma yetu akapumua.

Hakutufanya kitu, jamani. Alipumua tu.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa jamaa mmoja anaitwa Kibuyu, mnene kuliko wote. Kibuyu akageuka kutazama. Sasa mtu mwenye mzigo kichwani akigeuza shingo, na mzigo unageuka. Mbele yake wa tisa akahisi mzigo wa Kibuyu unamgonga, naye akageuka. Wa nane akageuka. Ilikuja hivyo hivyo hadi kwangu, na mimi nikageuka kuwaambia msigeuke.

Mtumbwi ukapinduka.

Namshukuru Mungu maji pale yalikuwa ya kifuani na kila mtu alisimama. Makanda ya mpunga yakawa yanaelea kuelekea Rufiji, watu wanayafukuza. Moja lilituaga kabisa, tisa tukayakamata yakiwa yamelowa hadi ndani.

Mimi sikukimbiza mzigo. Nilikuwa natafuta shuka. Shuka lilikuwa limetangulia na lile kanda la kumi, pamoja na kanzu.

Sasa hapa, wakuu, lazima niwaambie jambo nililoliruka kwa makusudi. Nilikuwa nimeoa miezi mitatu tu nyuma, na ng'ambo ile ndiko anakokaa mama mkwe wangu.

Na mama mkwe kwetu si mtu wa mchezo. Humtazami usoni. Huzungumzi naye. Ukimwona njiani unaingia porini hadi apite. Akitaka kukwambia neno anakiambia kitu kingine, wewe unasikia. Wangu alikuwa anaongea na kinu chake. Uani kwake panatazama mto, na aliposikia kelele alikuja mbio na wanawake wenzake, mchi bado uko mkononi.

Nikazama hadi shingoni.

Nyuma yangu kiboko. Mbele yangu mama mkwe. Nilipima pande zote mbili nikaona afadhali kiboko.

Mama mkwe aligeuka akatazama kwake, akapaza sauti: "Kinu! Mwambie mtu huyo abaki humo humo hadi apelekewe nguo. Na mwambie atazame upande wa pili, huyo mnyama asije akaona haya."

Wanawake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mzee Lipangile alikuwa ameshaunasa mtumbwi wake, anakamua kofia. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mizigo yote imegusa.

Nililetewa kaniki ya mdogo wake mama mkwe. Nikaivaa. Nikakaa pembeni ya makanda tisa yaliyolowa, nikatamani kulia, na nikalia kidogo. Mwezi ungeandama baada ya siku sita, njia ya Mahenge ni ya siku nne na mizigo. Mpunga uliolowa ukiufunga hivyo unafika umeshaota. Niliusikia kabisa mgongo wangu ukinihesabia, wahed, itnen.

Uani nikasikia tena: "Kinu, hivi hawa watu hawajui pepeta?"

Pepeta wote mnaijua. Lakini tunaijua kama chakula cha watoto, mpunga mchanga wa kwanza, unakaangwa na kutwangwa. Hakuna aliyewahi kuifikiria kama bidhaa. Mama mkwe akakieleza kinu kwamba mpunga uliolowa nao unakubali. Unaukaanga kwenye chungu, unautwanga ungali moto, unakuwa bapa, unapepeta pumba zote, basi. Hauoti, hauozi, na unaliwa bila kupikwa.

Wanawake wa Kivukoni walifanya kazi siku hiyo hadi jua kuzama na kesho yake kutwa. Sauti ya michi ilikuwa haikatiki. Mimi na wapagazi tulikuwa watu wa kuni. Ujira wao ulikuwa chumvi, na ile chumvi yote iliyonibakia baada ya nauli ikaishia hapo, nyingine nikakopa kwa Mzee Lipangile mwenyewe, ikipimwa na shemeji yake.

Sasa njooni kwenye kiini cha uzi.

Tulipofunga ile pepeta, makanda tisa yakawa sita. Nikahesabu mara mbili. Sita. Mbali na yule ambaye mzigo wake ulikwenda na mto, nikaona wapagazi watatu wamesimama mikono mitupu, akiwemo Kibuyu, wamefurahi mno.

Nikamwita Sadala, ambaye alishavuka kuja kututazama. "Mizigo mitatu imeibwa."

"Haijaibwa, bwana," akasema. "Ile pale."

Akanionyesha kwa kidevu. Pembeni ya vinu palikuwa na rundo la pumba, kuku wanachakura.

"Kwa hiyo siku zote," nikasema, "miaka yote, hawa watatu walikuwa wanabeba nini?"

"Pumba, bwana."

"Na ulikuwa unajua?"

"Kila mtu anajua. Mpunga una pumba. Tulidhani wewe unazipenda."

Wakuu, nilikaa chini. Nilikuwa nimebishania posho, nimebishania konzi, nimesimamisha watu kwenye mtumbwi, na muda wote huo katika kila watu tisa ninaowalisha watatu wanapandisha pumba milimani. Zikifika kule wanawake wa askari wanazitwanga na kuzimwaga. Nimezinunulia usafiri hadi jalalani.

Kutwanga na ile mizigo kumi mikavu iliyobaki ng'ambo muda haukuwepo. Sadala akarudi kuichukua, akavuka nayo, safari hii watu wamekaa na mizigo imelipiwa, tukaondoka.

Njiani tukakutana na shida nyingine. Habari ilishatutangulia kwamba kuna watu wanapanda Mahenge "wametoka kwenye maji". Mzee mmoja tuliyepishana naye alituuliza kwa siri kama tumebakiza kidogo. Hapo Sadala akapiga marufuku neno maji hadi tutakaporudi. Anayetaka kunywa aseme "naomba baridi". Watu wakazoea. Baridi imekwisha, baridi iko bondeni, nipe baridi ninawe.

Adhuhuri ya siku ya mwisho tukafika getini. Shaushi, yaani sajini wa askari, akatoka, mrefu, kofia na mkia wake nyuma ya shingo, akahesabu.

"Kumi na sita," akasema. "Karatasi inasema ishirini."

"Ndiyo, efendi. Mmoja umepotea na mitatu ni... imepungua yenyewe."

"Imepunguaje?"

Ningesema umelowa maji? Mbele ya bunduki, mwaka ule?

"Efendi," nikasema, "mpunga ulioga."

"Ulioga."

"Ndiyo, efendi. Katika baridi."

Shaushi alinitazama hivi kana kwamba ananipima urefu wa kunilaza. Na wakati huo huo Kibuyu, ambaye alikuwa amepanda mlima mzima na mwili ule, ambaye hata mzigo hakuwa nao, akaanguka magotini katikati ya geti akapiga kelele kwa sauti yake yote:

"Maji! Jamani, maji! Maji!"

Bunduki zote zikainuka. Wapagazi wakalala chini. Mimi nilishalala kabla yao.

Kilichotuokoa si hoja yangu. Alikuwa mke wa shaushi. Alitoka kwenye nyumba za askari na kata ya maji mkononi, akapita katikati ya zile bunduki, akampa Kibuyu. Akamwambia mumewe, "Mtu ana kiu. Hujawahi kuona mtu mwenye kiu?"

Kibuyu akanywa kata tatu. Bunduki zikashuka moja moja, wenye bunduki wakawa wanatazama pembeni.

Yule mama akaona kanda limefunguka, akatia mkono, akatafuna. Akatafuna tena. Akawaita wenzake, nao wakatia mikono. Kisha akamgeukia mumewe.

"Kila siku mnatupa mpunga tutwange mpaka viganja vinachubuka. Leo mtu kaleta uliotwangwa na hauhitaji hata moto, wewe unamuuliza pumba ziko wapi? Unazila wewe?"

Shaushi akaonja. Akafikiria safari zake za porini. Akasema ile sita aihesabu kuwa tisa, na kuanzia sasa boma linataka ya namna hii.

"Lakini mmoja umepotea kweli," akasema.

Kwa huo mmoja nilipigwa kiboko kimoja. Kimoja tu, wakuu, na yule wa kuhesabu akahesabu kwa sauti, "Wahed!" Kilinitosha kujua vile ishirini na vinne vingekuwaje.

Hapo ndipo kisa cha kuchekesha kinapoishia. Kilichobaki nitakisema kwa ufupi kwa sababu sikipendi.

Muda si mrefu vita vilifika kwetu. Sadala alikwenda kuwatazama watu wake na hakurudi, na mpaka leo sijapata mtu wa kuniambia alipoangukia. Maghala yalichomwa, hata yangu. Wengi mnaosoma hapa mna mtu wenu, sihitaji kueleza.

Sisi tulikimbilia milimani. Mke wangu alikuwa na mimba. Chakula chetu kilikuwa vifuko vya pepeta alivyotufungia mama mkwe, kwa sababu penye moshi ndipo askari walipokwenda, na pepeta haidai moto.

Kinu kilibaki Kivukoni, hakibebeki. Siku ya kwanza tulipotua mzigo, mama mkwe alishika kifuko mkononi, akatazama huku, akatazama kule, anatafuta kitu cha kukiambia. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na mimi, nimegeukia mti kwa heshima, sijala tangu jana.

Akaniambia mimi.

"Kula, mwanangu."

Ndiyo mara ya kwanza. Nilikula huku nimetazama mti, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone.

Haya, somo. Kabla hujabana posho ya mpagazi na konzi ya mvushaji, fungua mzigo wako kwanza utazame unasafirisha nini. Mimi nilikuwa nagombana na watu wanaonifanyia kazi, kumbe mwizi nimemfunga mwenyewe kwenye kanda na ninamlipia njia. Na ukiona kila mtu anajua jambo ila wewe, uliza, hata kama wa kumuuliza ni kinu.

Siku hizi sipandishi mpunga mlimani. Napandisha mchele na pepeta. Mvushaji nampa konzi zake zote, na mizigo inakaa kama abiria. Mama mkwe tunaongea vizuri, ingawa akinikasirikia anarudi kwenye kinu.

Karibuni kwa maoni, na wenye mbinu zao za kupunguza gharama za usafiri tupeane. Ila naomba kila mtu ayapepete ya kwake huko huko kwanza. Yakifika hapa na pumba, nauli ni juu yako.